Nilienda Gombe kuuona mto, familia ikabaki ufukweni

Niseme mapema kabisa, mimi sikwenda Gombe, ile hifadhi ya kando ya Ziwa Tanganyika huko Kigoma, kwa ajili ya sokwe. Najua ukitaja Gombe kila mtu akili inamwenda kwa sokwe na mama Jane Goodall, yule mtafiti wao, sawa, ila mimi nilifuata maji. Nimezaliwa Tabora, nimesoma Tabora, nikaolewa Tabora hapohapo, na kwetu maji ya kwenda kutazama ni bwawa la Igombe, yametulia tuli kama yamelala. Mto unaoshuka mlimani unakimbia wenyewe unagonga mawe unapiga kelele usiku na mchana, huo nilikuwa nauona kwenye simu tu. Sasa nina jirani yangu Muha wa Kasulu, kila tukikaa barazani ananisimulia kwamba kule Gombe kuna kijito kinaitwa Kakombe kinatoka juu milimani mpaka ziwani, na ukipanda nacho unakuta maporomoko, unasimama chini unalowa bila mvua. Basi hilo likaniingia kichwani likakaa. Miaka miwili nalilia Kakombe ndani ya nyumba mpaka mume wangu akasema haya mama, shule zikifungwa mwezi wa sita tunaenda, maana sasa unatuchosha.

Tukawa wanne. Mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka tisa, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huyo hakuna safari inayompita. Mpango ulikuwa rahisi sana, treni mpaka Kigoma, gesti ya bei nafuu kijijini, asubuhi boti, mchana mtoni, jioni tumerudi tunakula migebuka, wale samaki wa ziwani. Katika mpango wote huo kilichoenda kama tulivyopanga ni migebuka.

Treni nitaipita harakaharaka. Tulipanda Tabora usiku, na shemeji akang'ang'ania kukaa dirishani, akalifungua, akagoma kulifunga, eti anataka kuuona mto Malagarasi tukivuka. Usiku wa giza. Upepo na vumbi vyote vikaishia puani kwake na kulipokucha akawa anapiga chafya kama mashine. Tukamcheka sana. Hiyo habari ya dirisha iweke pembeni, nitairudia.

Gesti yenyewe iko nje kidogo ya mji, unapanda kakilima kwa juu ya Kibirizi, ufukwe wa boti, vyumba sita, maji ya ndoo, choo cha nje lakini kisafi, elfu ishirini kwa chumba. Sina lalamiko nayo hata moja. Mwenye gesti ni mama mtu mzima, ukimpa shikamoo anaitikia marahaba mwanangu, halafu asubuhi anakugeuzia Kiha chake, mwakeye, na binti yangu alivyoipenda hiyo mwakeye mpaka leo anawaamkia nayo walimu wake. Jioni ya kwanza alitupikia migebuka ya kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo, ule mlaini unaovutika, na wakati anatuwekea mezani akauliza kesho wanangu mnaelekea wapi. Mume wangu akajibu kwa kujiamini, Gombe mama, tunapanda boti za abiria asubuhi tunarudi jioni.

Yule mama akaweka sufuria chini. Akasema, "Mnarudi jioni ya siku gani?"

Tukacheka tukidhani ni utani wa huko. Ningemuuliza swali moja tu pale, moja tu, tungeokoa siku nzima na hela ya vyumba viwili.

Kesho yake saa tatu tuko Kibirizi, mabegi mgongoni, chapati kwenye hotpoti, mtoto kavaa kofia. Ufukweni pamejaa boti za mbao ndefu zenye injini, watu wanashuka, madumu ya mawese, magunia, kuku wamefungwa miguu, dagaa wanamwagwa juani. Nikamwuliza kijana mmoja boti ya Gombe inaondoka saa ngapi. Akasema saa sita, saa saba hivi, ikijaa. Na kurudi? Kesho alfajiri.

Tukabaki tunaangaliana. Ikabidi mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu atuelekeze vizuri, na hii naomba ishike maana sijaona mtu anayeisema. Zile boti za abiria hazijapangwa kwa ajili yako wewe wa mjini unayetaka kwenda kutembea. Zimepangwa kwa ajili ya mtu wa kijijini anayekuja mjini. Alfajiri zinatoka vijiji vya kaskazini huko kina Mwamgongo zinaleta watu na mizigo, wanauza, wananunua sabuni na sukari, mchana zinawarudisha kwao. Gombe iko njiani, kwa hiyo zinakushusha ukitaka, masaa kama matatu hivi kwa mwendo wao wa kusimamasimama. Ila unafika jua linaelekea kuzama, na boti ya kukurudisha ni ya kesho asubuhi, na ukipangia Jumapili hupati boti. Yaani ukitaka kwenda na nauli ya wananchi lazima ulale hifadhini, kule Kasekela kuna malazi ila unaweka nafasi mapema. Ukitaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, unakodi. Hakuna njia ya katikati.

Kulala hifadhini hatukuwa tumejipanga. Tukaamua kukodi kwa kesho yake. Na hapo ndo tukamkuta dalali.

Kijana mtanashati, maneno matamu, anamwita mume wangu "mzee wangu" na mimi "mama mkubwa" wakati nina miaka thelathini na sita. Akatuonyesha boti nzuri ina turubai juu, akasema laki mbili na themanini kwenda na kurudi na anawasubiri. Mume wangu akaomba laki mbili, wakavutana pale, wakaishia palepale kwenye laki mbili na themanini, akatoa laki moja ya kutanguliza. Hakuna karatasi wala shahidi. Hatukuuliza kama petroli imo, wala masaa ya kusubiri ni mangapi, wala nani nahodha. Kuhusu laifujaketi mimi niliuliza, akasema zipo za kumwaga.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tukafika, boti yenye turubai haipo, iko nyingine ndogo bila turubai. Dalali simu haipatikani. Nahodha ni mtu mwingine kabisa, mbaba mpole, anasema yeye kaambiwa awachukue watu wanne na petroli ni yao. Elfu sabini. Mume wangu akapandisha, nikamshika mkono nikamwambia baba, tumeshatoa laki moja na huyu mwenye boti siye aliyekuchukulia. Tukalipa. Laifujaketi zilikuwa tatu. Nahodha mwenyewe kwa haya akaenda kuazima ya nne kwa mwenzake, ndogo, ya mtoto, na hapo nikamwona ni mtu. Kwa hiyo ukikodi boti ongea na nahodha mwenyewe uso kwa uso, muulize bei hiyo na mafuta au bila mafuta, atasubiri mpaka saa ngapi na akizidisha ni kiasi gani, mzihesabu laifujaketi kwa vidole, na hela mpe nusu mkishaingia ndani ya chombo, nusu mkirudi.

Ziwa asubuhi ile lilikuwa limelala kama mafuta kwenye sufuria. Upande wa kushoto milima ya Kongo inaonekana bluu kwa mbali, kulia milima yetu. Shemeji pamoja na makamasi yake akaanza kutupa darasa, mnajua Tanganyika ndilo ziwa la pili kwa kina duniani baada ya lile la Baikal la Urusi, kina chake kinafika kama mita 1,470, mume wangu akamwambia sasa hayo si ungetuambia tukiwa gesti, unatuambia tukiwa katikati.

Kuna kitu kimoja nilikiona kwenye boti sikitegemei kukisahau. Unapoenda kaskazini, vilima vyote vya pembeni mwa ziwa vimebaki uchi, majani makavu, vishamba vya muhogo, michikichi michache, nyumba. Halafu ghafla, kama mtu amechukua rula, msitu unaanza. Kijani kizito kimejaza mabonde kutoka kwenye mchanga mpaka juu kabisa. Nahodha akanyoosha kidole tu, hapo ndo hifadhi. Hapakuwa na haja ya bango.

Tukashuka Kasekela kama saa tatu. Palikuwa bado na kivuli kizima, maana milima iko mashariki jua linachelewa kuivuka. Na hapo ufukweni, hata kabla sijavua viatu vya kwenye boti, nikakisikia. Kelele ya chinichini, haikatiki, inatoka kwenye miti. Nikamwambia mume wangu unasikia, akasema nasikia nini.

Ofisini ndo safari ilipogeuka. Tukapokelewa vizuri sana, yule mwongozaji mtu wa makamo, akatukaribisha tukae, akaanza kuuliza maswali kabla ya kutuandikia malipo. La kwanza, kuna mwenye mafua, kikohozi, homa? Maana sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na wao hawana kinga nayo wala pa kwenda kutibiwa. Akatusimulia kwamba mwaka 1966 sokwe wa hapohapo walipata ugonjwa wa kupooza, unaoaminika ulikuwa polio, wengine wakafa na wengine wakabaki na mkono usiofanya kazi, na kwamba mafua ya kawaida haya ya kunywa chai ya tangawizi ukapona, kwao yanaua.

Shemeji akasema, "Sisi wazima kabisa kaka."

Binti yangu akadakia, "Baba mdogo muongo! Kapiga chafya usiku mzima mpaka tukahamishwa chumba."

Kimya. Shemeji akaangalia ziwa. Yule mwongozaji akatabasamu akamwambia mtoto asante sana mwanangu kwa kusema kweli, na wewe una miaka mingapi? Akajibu kwa fahari kabisa, tisa naenda kumi.

Msituni hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka kumi na tano.

Jamani. Nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Miaka miwili ya kulilia, treni usiku kucha, laki tatu na nusu ya boti, na hilo jambo la umri lilikuwa linapatikana kwa simu moja tu ya dakika mbili kabla sijakata tiketi. Sikupiga. Nilijiaminisha kwamba mto ni mto, mtoto atakanyaga maji, kuna ubaya gani. Mtoto akaanza kulia kimyakimya, ule wa kuuma mdomo, na kinachouma zaidi ni kwamba alijiona kajikosesha mwenyewe kwa kusema kweli. Nilimwambia hapana, sheria ingekukuta tu, ni mama hakuuliza. Nikasema basi tutakaa wote ufukweni. Mume wangu akasema, "Wewe ndiye uliyelilia mto. Nenda. Sisi tutakaa na mgonjwa wetu."

Na malipo nayo. Sisi hela zote taslimu, mume wangu kazifunga kiunoni kama mfanyabiashara wa ng'ombe, kumbe pale wanakupa namba ya malipo unalipia kwa simu, hela ya mkononi hawaishiki. Kwenye simu yangu kulikuwa na elfu kumi na moja. Ikabidi nimpigie dada yangu Tabora anitumie, na mtandao unashika ukisimama sehemu na ukisogea hatua mbili umepotea, nilisimama juu ya jiwe nimeinua mkono kama naombea mvua. Lisaa limoja likaenda hapo. Jaza hela kwenye simu ukiwa mjini, na beba kitambulisho cha NIDA maana mwananchi analipa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni.

Basi nikaingia msituni mwenyewe na mwongozaji, kama saa nne na nusu. Barakoa begani tayari, maana sokwe wakitokea unavaa na unakaa mbali nao mita kumi. Chakula huruhusiwi kula njiani.

Njia inafuata bonde la Kakombe. Mwanzo unatembea kwenye michikichi na mikuyu mikubwa ambayo mizizi yake imesimama kama kuta, kamba za porini zinaning'inia nene kuliko mkono wangu, vipepeo wengi mpaka unawapangusa. Baridi ya kivuli. Kila baada ya muda unakivuka kijito, kinakuja kushoto, mara kiko kulia, na siyo kikubwa, niwe mkweli, mtu akitegemea mto wa kwenye ramani atasikitika. Sehemu nyingi unavuka kwa mawe manne. Lakini maji yalivyo safi. Nilichuchumaa nikaangalia, maji yamefika kwenye kifundo na unaona kila kijiwe chini, cheusi, cheupe, chekundu kama kipande cha tofali, na kakaa kadogo kanajisogeza kinyumenyume kuingia chini ya jani. Nikatia mkono. Ubaridi ule unauma vidole. Mwezi wa sita kwetu vijito vyote vimeshabaki mchanga, hiki kinakimbia kama hakijui kwamba ni kiangazi, na mwongozaji akasema hakikauki mwaka mzima kwa sababu ya ule msitu juu, unashika maji ya masika unayaachia taratibu. Akaongeza, umeviona vile vilima uchi mlivyopita? Navyo vilikuwa na vijito. Hakusema zaidi akaendelea kutembea.

Njiani alinionyesha kichuguu, akachuma kijiti akanionyesha sokwe wanavyokitumbukiza kuvua mchwa, akasema hapa Gombe ndipo Jane Goodall alipoliona hilo mwaka 1960, mwaka uleule aliofika, sokwe mmoja aliyempa jina David Greybeard, na dunia ikashangaa maana walikuwa wanajua binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Sokwe wenyewe sikuwaona. Niliwasikia mara moja, mbali juu ya mgongo wa mlima, kelele inayoanza ndogo inapanda inapanda mpaka inakuwa ukelele, nywele zikanisimama. Na vitanda vyao vya majani juu ya miti nikaonyeshwa, vya jana usiku. Ilinitosha.

Kabla ya kufika nilianguka. Nilikuwa nimevaa raba zangu za kwenda sokoni, soli imelika imekuwa laini kama kandambili, na mawe ya kijitoni yana ukoga wa kijani. Goti likachunika, simu ikanusurika. Mwongozaji akasema pole dada, na akaongeza kwa upole kwamba wageni wengi anaowaokota ni wa raba za hivyo. Viatu vyenye meno, tafadhali.

Halafu ukapiga kona moja, kelele ikawa kubwa mpaka huongei, na upepo. Hakuna mtu aliyenieleza habari ya upepo. Maji yanaanguka kutoka juu, kwa jicho langu miembe mitatu ya Tabora ukiibebanisha, yanapita kwenye mwamba mweusi uliofunikwa majani ya kijani kibichi, na yanavyoanguka yanasukuma hewa, kwa hiyo pale chini pana upepo wake wenyewe usiokoma, zile kamba za porini zinacheza, majani yanapepea, wakati nyuma yako msitu wote umetulia. Rasharasha ilinilowesha uso ndani ya dakika. Nilisimama tu. Nilikuwa nimejipangia kupiga picha kumi na tano, nikapiga moja, mbaya, kidole kimeingia.

Mwongozaji akanisogelea sikioni akasema sokwe madume nao huja hapa, wakifika wanaanza kuyumba, wanabembea kwenye hizo kamba, wanarusha mawe majini, halafu mwingine anakaa chini anaangalia tu maji yanavyoanguka. Nikamuuliza anaangalia nini sasa?

Akasema, "Na wewe dada unaangalia nini?"

Nilikosa jibu. Na hapo ndo nikamkumbuka mtoto wangu ufukweni na machozi yakanitoka, sijui ya furaha sijui ya hatia, nikashukuru tu kwamba uso ulikuwa umeshalowa. Nikatoa simu, chaji asilimia tisa, nikarekodi sauti. Sikuchukua video, sauti tu, dakika mbili, nikaisogeza karibu na maji kadiri nilivyoweza. Baada ya hapo ikazima. Pawabanki ilikuwa kwenye begi la mume wangu, bila shaka.

Tuliporudi chini ilikuwa saa saba inakaribia. Nikawakuta wamesimama kwenye mstari, mume wangu ana fimbo, shemeji ana kandambili mkononi, mtoto anacheka mpaka kakaa chini. Nyani. Pale ufukweni kuna nyani wamezoea watu, tuliambiwa asubuhi msiache chakula nje, wekeni ndani, mume wangu akasema ah, kimo kwenye hotpoti, kimefungwa. Kumbe nyani mmoja dume alikuja akakaa, akaivuta hotpoti, akaishika kwa miguu akazungusha mfuniko akafungua vizuri kuliko ninavyofungua mimi, chapati kumi na mbili zikaondoka. Hotpoti akaiacha. Mtoto akaniambia hiyo ndiyo sinema nzuri kuliko zote alizowahi kuona, na kidogo moyo wangu ukashuka. Kucheka kwao mwisho, maana hapo njaa ilikuwa inauma na tulichobaki nacho ni ndizi nne na maji.

Nahodha tulimwambia saa nane tuondoke. Saa nane upepo ukaanza kutoka kusini. Ndani ya nusu saa lile ziwa la asubuhi halikuwepo, mawimbi meupe, boti inagonga mchanga. Mume wangu, mtu wa nchi kavu, akaanza kusukuma, twende tu, watu wanatusubiri, siyo mawimbi makubwa haya. Nahodha akamjibu bila hata kupandisha sauti, "Baba, ziwa halina haraka na wewe." Akalala chini ya mti akajifunika kofia. Watu wa Kigoma wanasema ziwa limechafuka, na likichafuka wewe uliyetoka Tabora huna maoni. Tukakaa mpaka saa kumi na moja. Kusubiri kuliongeza elfu thelathini, nahodha aliomba kwa aibu na tukampa bila maneno, nadhani ndiyo hela pekee ya safari ile niliyoitoa kwa roho moja.

Kurudi mawimbi yalikuwa yamepungua lakini siyo sana. Mtoto alitapika mara mbili, ndizi zote, mimi namshikilia kiuno, nimelowa, nguo za kubadilisha ziko gesti. Jua likazama upande wa Kongo, jekundu, na nakumbuka niliwaza kwamba ni zuri na sina hata nguvu ya kulifurahia. Tukafika Kibirizi saa moja usiku imeshapita, giza, hakuna tochi. Mkienda na mtoto bebeni nguo kavu na koti hata kama asubuhi kuna joto, na mpangie kuondoka Gombe mapema, saa sita muwe mmeshageuza, maana upepo wa kiangazi wa mchana hauombi ruhusa.

Kwa hesabu yangu kwenye daftari, bila nauli ya treni, tulitumia laki sita na ushee. Boti na mafuta na kusubiri laki tatu na themanini, vyumba viwili kwa siku tatu laki moja na ishirini, chakula, na malipo ya hifadhini. Laki sita ili mtu mmoja aone maporomoko. Ningekuwa napanga upya ningemwacha mtoto kwa bibi yake na kumwahidi safari yake, au ningekuja na watu wazima sita saba tugawane boti, au, na hii ndiyo naipenda zaidi, ningepanda boti ya abiria ya mchana, nikalala Kasekela, nikaamkia mtoni asubuhi kabla ya upepo, nikakaa hata siku mbili. Na shemeji ningemwacha kwenye dirisha lake. Mafua yake nayafikiria mpaka leo. Angepiga chafya kidogo chini ya kiwango tungeingia naye, sote tungekaa kimya, mimi mwenyewe nilikuwa tayari kukaa kimya, nisiwadanganye. Mtoto ndiye aliyetuokoa na dhambi hiyo.

Gesti tulimkuta yule mama hajalala, katuwekea chakula kimefunikwa, migebuka tena, akatuangalia tulivyolowa na mtoto kasinzia mgongoni kwa baba yake. Akasema, "Kumbe mmerudi jioni ya leoleo." Akacheka peke yake mpaka akashika mlango.

Kwenye treni ya kurudi nikachaji simu, nikamwita binti yangu, nikamwambia kaa nikupe zawadi yako kutoka mtoni. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza dakika zote mbili, kafumba macho, katulia kabisa, mimi namwangalia uso koo limenikaba.

Akafumbua macho akasema, "Mama, mbona kama mtu anakaanga dagaa?"